Umepata yaya? Andikianeni kabla hajafungua begi

LIKIZO ya uzazi inaisha Ijumaa, na Jumatatu saa mbili asubuhi unatakiwa kazini. Kwa wiki mbili umepiga simu kijijini, umeuliza kanisani, umetuma ujumbe kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti: "Nani anajua yaya mzuri?" Hatimaye Jumamosi jioni msichana anashuka stejini akiwa na begi moja. Unampokea, mnapanda ngazi hadi orofa ya tatu, unamwonyesha mtoto, unamwonyesha jiko. Mazungumzo ya kazi mnayafanya mkiwa mmesimama.

"Nitakuwa nikikupa elfu nane. Kula na kulala ni hapa."

"Sawa, Mama Baby."

Basi, mmemaliza. Ukikopa simu dukani unatia sahihi, unaacha nakala ya kitambulisho na nambari za watu wawili wanaokujua. Lakini huyu unayemwachia mtoto wa miezi mitatu, funguo za nyumba na jiko la gesi, mmeelewana naye kwa sentensi mbili.

Si kwamba sentensi hizo ni za uongo. Shida ni kuwa kila mmoja anaondoka nazo na kuzijaza kivyake. Wewe ukisema "kazi ya yaya" unawaza mtoto, kupika, kupiga deki, kufua nguo za watu wote pamoja na za shemeji anayekuja kila wikendi. Yeye anawaza mtoto na nguo za mtoto. Wewe ukisema "ofu ni Jumapili" unamaanisha baada ya kuosha vyombo vya chamcha. Yeye anajiona akiamka Jumapili asubuhi kwa dada yake Kawangware. Mwezi wa pili ndipo mnagundua kuwa hamkuwa mkizungumza jambo moja. Na mara nyingi unagundua Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi: begi halipo, simu yake imezimwa, mtoto analia, nawe una mkutano saa mbili.

Wengi wetu tunachukulia mkataba wa maandishi kuwa mambo ya mabwanyenye wa Karen na Muthaiga. Si hivyo. Sheria ya Ajira ya 2007 haitenganishi ofisi na jikoni. Kifungu cha 9 kinataka kazi yoyote ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba ulioandikwa. Na anayetakiwa kuhakikisha umeandikwa ni mwajiri. Mwajiri ndiye wewe, hata kama ulipata kazi yako ya kwanza mwaka jana na bado HELB wanakutumia ujumbe kila mwezi.

Kifungu cha 10 ndicho chenye makali. Mkifikishana mahakamani na huna karatasi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unakuangukia wewe. Akisema mlipatana elfu kumi na mbili nawe unasema ni nane, wewe ndiye wa kuthibitisha. Utathibitisha na nini? Mazungumzo ya kwenye ngazi?

Kwa hivyo ukisikia rafiki akisema "mkataba utamfanya yaya ajue haki zake anisumbue", mwambie haki hizo yaya anazo tayari, kuwe na karatasi au kusiwe. Asiye na kinga bila karatasi ni mwajiri.

Pesa kwanza, tuimalize

Tuanze na lile linaloumiza. Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, na agizo la serikali la mishahara linamtaja yaya waziwazi, katika kundi moja na vibarua wa kawaida, wafagiaji na wafanyakazi wa bustani. Katika majiji ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, kiwango hicho kikawa Sh16,113.75 kwa mwezi. Maeneo ya mbali na miji kikawa takriban Sh8,600. Yaani ile elfu nane ya kwenye ngazi haifiki hata kiwango cha mashambani. Nyongeza nyingine hutangazwa kwa kawaida Mei Mosi, kwa hivyo ukiandika mkataba hakikisha una kiwango cha sasa.

Kama anarudi kwake jioni, ongeza marupurupu ya nyumba ya asilimia 15. Kama analala kwako, nyumba umeshampa, mradi iwe mahali pa mtu kulala kwa heshima. Godoro linalotandikwa sebuleni baada ya wewe kumaliza kutazama mpira silihesabu, na sidhani hata wewe unalihesabu. Chakula nacho, ikiwa mmepatana atakula kwako, sheria inakutaka umlishe vizuri. Usianze kupiga hesabu ya vipande vya mkate.

Kuna makato pia. Kwa mshahara wa Sh16,113.75, bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, yaani karibu Sh443. Ada ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, karibu Sh242, nawe unaongeza kiasi kama hicho kutoka mfukoni mwako. NSSF ni asilimia 6 kwake na asilimia 6 kwako, karibu Sh967 kila mmoja. Kwa hivyo mkononi atapokea takriban Sh14,460, na wewe gharama yako inapita Sh17,300. Zilipwe kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mweleze hesabu hii siku ya kwanza, na uiandike, la sivyo mwisho wa mwezi ataona umemwibia elfu moja mia sita na hutakuwa na la kujitetea. Kama hajajisajili SHA, mnaweza kumaliza jambo hilo jioni moja kwa simu, *147#.

Najua unachowaza sasa. Wewe mwenyewe unapokea elfu thelathini na tano, kodi ya nyumba elfu kumi na mbili, nauli, nepi, maziwa ya kopo. Elfu kumi na saba itoke wapi? Swali ni la haki, na sitajifanya kwamba jibu ni rahisi. Lakini sheria haina kifungu cha "mwajiri aliyebanwa". Kama huwezi kulipa mshahara wa yaya wa siku nzima anayelala kwako, kuna njia nyingine: mama wa mtaani anayelea watoto kwa siku, yaya wa saa chache, au wazazi wawili wa ploti moja kuajiri yaya mmoja kwa pamoja na wote wawili kutia sahihi kwenye mkataba. Kinachoudhi ni yule anayesema hana pesa za kulipa Sh16,000 huku akitaka huduma ya usiku na mchana. Kama pesa ni nusu, kazi nayo iwe nusu.

Lipa kwa M-Pesa, kwa nambari yake mwenyewe. Si kwa mamake, si kwa shangazi aliyemleta, si kwa ajenti aliyekutafutia. Wale wanaotaka kupokea mshahara wa kwanza "kwa niaba ya msichana" waambie sheria inataka mfanyakazi alipwe yeye mwenyewe. Na ule ujumbe wa M-Pesa usifute. Siku ya ubishi ndio ushahidi wako.

Mlango wa kutokea kazini

Mshahara ndio huzungumzwa sana, lakini ukiniuliza, kinachowavunja mayaya wengi ni saa. Wewe kazi ikiisha unatoka langoni, unapanda matatu, unaweka vipokea sauti masikioni. Yaya anayelala kwako hana lango la kutokea. Kitanda chake kiko hatua tano kutoka jikoni. Mtoto akilia saa nane usiku, nani anaamka? Wageni wakiingia saa tatu usiku, nani anachemsha chai? Kwa sababu yupo, anaitwa. Wala si lazima uwe mtu mbaya ili umwite. Inatosha kuwa umechoka.

Hebu tuhesabu. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, analala saa nne usiku baada ya vyombo. Hizo ni saa 17. Kwa siku sita ni saa 102. Lile agizo la mishahara linasema wiki ya kawaida ya kazi isizidi saa 52, zikigawanywa kwa siku sita. Maana yake una wafanyakazi wawili kwa mshahara wa mmoja, ila wote wawili wana mgongo mmoja.

Hata ukiwa mwangalifu, hesabu bado inabana. Tuseme unatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa kumi na mbili na nusu jioni kwa sababu ya jam ya Thika Road. Ni saa 12, mara siku tano, ni 60. Umepita 52 kwa saa nane kabla hajashika mwiko. Utasikia watu wakisema, "Lakini mtoto akilala na yeye anapumzika." Hapana. Kama ndiye mtu mzima pekee aliye nyumbani, yuko kazini. Jaribu kutoka ofisini bosi wako akisinzia uone.

Zile saa nane zina bei. Agizo linagawa mshahara wa mwezi kwa 225 kupata thamani ya saa moja, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kwa Sh16,113.75 inakuwa kama Sh107 kwa saa, au takriban Sh860 kwa wiki. Siku yake ya mapumziko au sikukuu ya kitaifa, saa hiyo hulipwa mara mbili. Ama ulipe, ama mmoja wenu afike nyumbani mapema siku kadhaa amchukue mtoto. Hapo ndipo baba anapoingia kwenye mkataba, na si kama shahidi.

Andikeni sentensi ambayo mtu yeyote ataielewa, kama hii: "Kazi inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Inaisha mzazi akiingia nyumbani, na isipite saa kumi na mbili na nusu jioni. Usiku mtoto ni wa wazazi. Yaya akiombwa kuamka usiku au kubaki zaidi, muda huo utaandikwa na kulipwa."

Hiyo "usiku mtoto ni wa wazazi" itakuuma wiki ya kwanza. Lakini fikiria vizuri: unamtaka yaya aliyeamshwa mara nne usiku ndiye amwogeshe mtoto wako kwenye beseni asubuhi?

Siku ya mapumziko ni angalau moja kamili katika kila siku saba. Iandikwe inaanza lini na kuisha lini. "Jumamosi saa kumi na mbili jioni hadi Jumapili saa kumi na mbili jioni" inaeleweka. "Jumapili" peke yake ndiyo mwanzo wa vita. Atakwenda wapi siku hiyo si shauri lako, na usimpigie simu kuuliza thermosi iko wapi.

Kisha orodha ya kazi. Iwe fupi na iwe kweli. Kama ni mtoto, chakula cha mtoto, nguo za mtoto na usafi wa chumba anamocheza, sema hivyo. Kama unataka apike chakula cha jioni cha nyumba nzima na afue nguo zenu, sema pia, na mshahara uonyeshe hivyo. Sema nguo za nani. Nguo za ndani, kila mtu mzima afue zake. Mambo mengine hayahitaji hata sheria. Na andikeni jina la mtu mmoja anayetoa maagizo. Nyumba nyingi za vijana zina mabosi watatu: mama mtoto, baba mtoto, na nyanya anayepiga simu kila siku kuuliza kama mtoto amepewa maji. Yaya anayeamriwa na watatu huishia kumsikiliza anayepiga kelele zaidi.

Ukurasa wa mtoto

Mikataba mingi ya kunakili mtandaoni imejaa mwajiri na mwajiriwa lakini haisemi neno kuhusu mtoto, ambaye ndiye sababu ya kila kitu. Ongeza ukurasa wake.

Anakula nini na saa ngapi. Dawa: asipewe yoyote, hata ile sirapu ya kupunguza homa, kabla mzazi hajapigiwa simu. Nani ameruhusiwa kumchukua mtoto nyumbani, kwa majina; mtu asiye kwenye orodha, hata akiwa mjomba, anapigiwa simu kwanza. Nambari za simu za wazazi, za jirani aliye nyumbani mchana, jina la hospitali iliyo karibu, na kadi ya kliniki iko droo gani. Acha pia nauli ya boda au teksi ya dharura mahali panapojulikana. Hutaki yaya aombe mkopo langoni mtoto akiwa na degedege.

Kumpiga mtoto au kumtikisa kwa nguvu ni marufuku, bila kujali amelia kwa muda gani. Lakini ukiandika hivyo, andika pia afanye nini badala yake: amweke mtoto kitandani mwake salama, atoke nje ya chumba, avute pumzi, akupigie simu. Na upokee.

Kifungu ninachokipenda zaidi hakimo katika sheria yoyote, na nadhani ndicho kinachoweza kuokoa maisha: "Mtoto akianguka, akiungua au akimeza kitu, yaya ataniambia mara moja. Hatakatwa mshahara wala kufukuzwa kwa kuniambia ukweli." Mtoto anayejifunza kutambaa ataanguka. Ataanguka hata akiwa na wewe. Yaya anayejua kuwa akisema atafukuzwa atanyamaza, atampaka mafuta, na wewe jioni utaona mtoto analala tu na kudhani amechoka. Unachonunua kwa kifungu hicho ni taarifa ya mapema.

Kamera? Kama umeweka, mwambie na uandike iko wapi. Sebuleni sawa. Kwenye chumba anacholala au bafuni, usithubutu. Simu nayo mkubaliane kama watu wazima. Kumpokonya simu mtu unayemtaka akupigie wakati wa dharura ni kichekesho.

Unachoweza kudai, na usichoweza

Una haki ya kuona kitambulisho chake na kubaki na nakala. Kitambulisho chenyewe ni chake, kikae kwake. Kama hana kwa sababu hajafika miaka 18, huyo kisheria bado ni mtoto. Binti wa miaka 15 aliyetolewa shule aje akulelee mtoto si yaya, hata kama ni binamu yako na mamake ndiye aliyeomba. Na kwa kuwa tumegusa jamaa: ndugu wa damu pia anaandikiwa. "Tutamsaidia tu baadaye na karo" ni ahadi ambayo wengi wamezeeka wakiisubiri.

Unaweza kumwomba cheti cha tabia njema cha polisi, ambacho huombwa kupitia eCitizen. Mwajiri mwenye utu humlipia. Huwezi kumlazimisha apimwe virusi vya Ukimwi ili apate kazi. Sheria ya 2006 kuhusu Ukimwi inakataza. Huwezi pia kumfuta kwa sababu ameshika mimba. Yaya ana haki ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo, hiyo hiyo iliyokuwezesha wewe kukaa na mtoto wako hadi leo.

Akiugua baada ya kufanya kazi miezi miwili mfululizo, ana angalau siku saba za malipo kamili na saba nyingine za nusu mshahara kwa mwaka, akiwa na barua ya daktari. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi, kwa malipo kamili, baada ya miezi 12.

Na hapa tuzungumze Desemba. Kuna mtindo wa mwajiri kuzuia mshahara wa Desemba ili yaya arudi Januari. Huo ni mshahara wake, ameshaufanyia kazi, huna ruhusa ya kuufanya rehani. Ukitaka arudi, andikeni tarehe za likizo mapema, mlipe vyote, na uahidi kwa maandishi kumrudishia nauli ya kwenda na kurudi akiripoti tarehe mliyopatana. Hilo linamvuta mtu kuliko deni.

Sahani ikivunjika je? Sheria inaruhusu kumkata kiasi cha kadiri kwa hasara aliyoisababisha kwa makusudi. Kikombe kilichoteleza kwenye povu si makusudi. Na ukishuku wizi, nenda kituo cha polisi. Kumvua nguo umpekue, kumfungia ndani au kuzuia begi lake kutakufanya wewe uwe mshtakiwa.

Kipindi cha majaribio kiwekeni, miezi miwili au mitatu inatosha. Sheria inaruhusu hadi sita. Katika kipindi hicho notisi ni siku saba. Baada yake, kwa anayelipwa kila mwezi, notisi ni siku 28 kwa maandishi, au malipo ya siku hizo. Inamfunga yeye na inakufunga wewe. Notisi hiyo ndiyo dawa ya ile Jumatatu ya begi kupotea, lakini itafanya kazi tu kama anaamini ukipewa notisi hutamfukuza usiku huohuo bila senti. Ukitaka kumwachisha kwa kosa, mweleze kosa kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake kama anataka, na umsikilize kabla ya kuamua. Mahakama ya Ajira ikipata ulimfuta bila haki, fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12. Piga hesabu hiyo mwenyewe.

Kama wewe ndiye mwenye begi

Wapo wasomaji wa ukurasa huu wanaousoma wakiwa jikoni kwa wenyewe, mtoto akiwa mgongoni. Kwako wewe: kuomba mkataba si ujeuri. Usiseme "nataka mkataba" ukiwa mlangoni, atashtuka. Sema hivi: "Mama Baby, naomba tuandike vile tumeelewana ili nisije nikasahau." Wengi hawatakataa. Akikataa, jitumie ujumbe wa WhatsApp wenye mshahara, saa na siku ya ofu mlivyopatana, kisha umtumie yeye pia: "Nimeelewa hivi, kama nimekosea nirekebishe." Weka daftari dogo la tarehe ulizofanya kazi na malipo uliyopata. Kama amekufuta bila haki, una miezi mitatu ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba. Chama cha KUDHEIHA kinawakilisha wafanyakazi wa nyumbani, na kujiunga ni haki yako. Ukiondoka, hata kwa ugomvi, dai cheti cha kuonyesha umefanya kazi kuanzia lini hadi lini. Mwajiri analazimika kukupa, na hicho ndicho kitakachokufanya usianze tena kwenye elfu nane.

Siku ya kutia sahihi

Msitie sahihi Jumatatu alfajiri ukiwa na kiatu kimoja mguuni. Tumieni Jumapili alasiri, mtoto akiwa amelala, wote watatu mkiwa mmekaa: mama, baba kama yupo, na yaya. Mkataba uwe wa Kiswahili au lugha anayoielewa; kama hasomi, unalazimika kumweleza kila kifungu. Usome kwa sauti. Kila kifungu kikiisha, nyamaza kidogo umpe nafasi aulize. Kama hajauliza lolote hadi mwisho, anakuogopa, sio kwamba amekubali. Muulize wewe: "Kule ulikokuwa, ni nini kilikufanya uondoke?" Jibu lake mara nyingi ni kifungu mlichosahau kuandika.

Atie sahihi au kidole gumba mbele ya mtu mwingine asiye mwajiri. Jirani wa mlango wa pili anatosha. Mchapishe nakala mbili kwa saiba, shilingi ishirini hivi zitatosha. Moja aiweke kwenye begi lake. Yako itie kwenye faili moja na kadi ya kliniki, na usiitupe akiondoka: sheria inakutaka uhifadhi kumbukumbu hizo miaka mitano baada ya kazi kuisha. Kufikia hapo, huyo anayelala kitandani sasa hivi atakuwa na sare ya shule na daftari lake mwenyewe.